Kifua Kikuu cha Shingoni

Jina la ugonjwa linaweza kumpoteza mgonjwa. Mfano ninaowatajia wenzangu wa isimu ni "kifua kikuu", na nimeuokota katika kazi za daktari wa mifugo.

Profesa Rudovick Kazwala alifundisha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, Tanzania. Sehemu kubwa ya utafiti wake ilihusu kifua kikuu cha ng'ombe. Bakteria wake, Mycobacterium bovis, ni ndugu wa karibu wa yule anayeenea kwa kikohozi cha watu, ila huyu huweza kuingia mwilini kwa maziwa mabichi. Akipita njia hiyo, mara nyingi hafiki mapafuni: huvimbisha tezi za shingo au hukaa tumboni. Mwaka 2001 Kazwala na wenzake walichapisha utafiti uliowapata bakteria hao kwa wagonjwa wa tezi za shingo nchini Tanzania. Sasa jiulize, msomaji: mtu mwenye uvimbe shingoni, asiyekohoa hata kidogo, atajuaje kwamba ana ugonjwa wa "kifua"? Ki- na ki- zimepatana vizuri kabisa, na bado jina limempoteza.

Mwaka 2006 ulianza mradi wa HALI kandokando ya Hifadhi ya Ruaha, Kazwala akiwa mmoja wa viongozi wake pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis. HALI ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, lakini sikioni mwetu ni neno lile lile la "u hali gani?" (Vifupisho vya miradi kwa kawaida havina ladha; hiki kinayo.) Hali ya nyati, ya ng'ombe na ya mfugaji zilichunguzwa pamoja. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu ya mwaka, na maji yakipungua, mifugo na wanyamapori hukaribiana. Walipima mifugo, wanyamapori na maji, wakakuta kifua kikuu cha ng'ombe na brusela pande zote mbili, za mifugo na za pori. Wafugaji walipohojiwa, wengi hawakuhusisha maradhi ya nyumbani na mifugo yao.

Sisi wa Kamina tuna Upemba, hifadhi tangu 1939, na tuna neno gumu zaidi. Katika Kiswahili cha Katanga, kama katika Kiluba, "nyama" ni yule anayetembea porini na pia kilicho chunguni. Ukisema "nyama iko na magonjwa", umesema kundi au kitoweo? Kiswahili sanifu hutenganisha mnyama na nyama kwa herufi moja, ambayo msomaji wa hapa huiruka bila kujua. Ningepewa bango la afya niliandike, ningeacha neno la jumla na kutaja nyati, ng'ombe, mbuzi. Kwenye maziwa ningeandika: chemsha, hata kama nyumbani hakuna anayekohoa.