Mtoto Chuoni, Jembe Mkononi

Wazee wengine hunung'unika: "Nimempeleka mwanangu Morogoro akasome, kumbe analimishwa!" Naam, analimishwa. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1984, kina mashamba yake, na asomeaye kilimo cha bustani huanzia humo: kuchekecha udongo, kusia mbegu, kumwagilia mapema, kung'oa magugu mpaka kiuno kiume.

Sisi wenye mikarafuu tusilicheke jambo hili. Mbegu ya karafuu haingoji. Ikikauka imekufa, yafaa isiwe siku chache tu baada ya kuchumwa, na mche wake wataka kivuli cha makuti. Mikarafuu yetu mingi imezeeka. Kijana huyo akija likizo, apewe kitalu akitunze.