Ukibomoa Tembe, Hesabu na Dari

Anayebomoa tembe Basotu, kaskazini mwa Tanzania, ili aezeke bati huanza kwa kumwomba fundi makadirio: bati ngapi, mbao za kenchi ngapi, kofia ngapi, misumari kilo ngapi, na ufundi shilingi ngapi. Orodha hiyo mara nyingi huwa sahihi. Kisichoandikwa ni gharama ya kile kinachoondoka na paa la zamani, yaani joto la usiku na ubaridi wa mchana, vitu ambavyo tembe ilivitoa bila kudai senti.

Basotu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda ulio wazi kwa upepo, ule ule uliolimwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Juni na Julai usiku wake ni wa kujikunyata. Wairaqw na Wabarabaig walijenga tembe wakiijua hali hiyo: nyumba fupi, paa bapa la miti na udongo, na kwa upande wa Mbulu nyingine zikachimbiwa ubavuni mwa kilima. Ndama na mbuzi walilala humo humo, na miili yao ikaongeza joto.

Chukua mita moja ya mraba ya paa. Udongo wa unene wa sentimita 20 una uzito wa kilo 300 na zaidi. Bati la geji 30 la eneo hilo hilo halifiki kilo tatu. Kuupandisha udongo huo joto kwa nyuzi moja tu kunahitaji nishati zaidi ya mara 200 ya ile inayohitajiwa na bati. Kwa hiyo jua la saa saba mchana huingia kwenye udongo polepole, likachukua saa kadhaa kufika chini, na wenye nyumba wakalipata jioni wanapolihitaji. Bati halicheleweshi kitu. Mchana linaweza kufika nyuzi 60 na kuwachoma waliomo ndani bila kuwagusa. Usiku, anga likiwa safi, linapoteza joto haraka mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na mvuke wa pumzi za waliolala ukiligusa unageuka maji. Anayelala chini ya bati tupu mwezi Julai anajua: alfajiri blanketi lina madoa ya matone, na nje haikunyesha.

Sisemi watu warudi kwenye tembe. Paa la udongo linavuja masika, mchwa wanakula nguzo, na moshi wa jikoni unakaa ndani na kuharibu macho na mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Bati pia linakinga maji ya mvua, neema kubwa kwenye ukanda wa volkano ambako maji mengi ya ardhini yana floraidi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Bati ni jema. Linaletwa nusu tu.

Nusu iliyobaki ni dari. Wengi huiacha kwa sababu haionekani barabarani. Hata dodoso la sensa ya 2022 liliuliza paa limeezekwa kwa nini, si kama walio chini yake wanapata usingizi. Matokeo ya kulala bila dari ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani, mlango na dirisha vikafungwa. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Jiko likae nje ya chumba cha kulala, hata kama limebaki makaa mekundu tu.

Dari ya jipsamu ni nzuri kwa mwenye nazo. Lakini Basotu ina kitu ambacho sehemu nyingi hazina: mabua ya ngano. Yakichanganywa na tope la mfinyanzi, yakatandazwa juu ya fito zilizopigiliwa kwenye boriti kwa unene wa kiganja, kisha yakasiribwa tope pande zote mbili, yanakuwa dari isiyopitisha joto upesi. Tope linapunguza hatari ya moto, jambo ambalo mabua makavu matupu hayawezi, wala nisingemshauri mtu ayaweke hivyo. Boriti ziwe imara, na mchanganyiko ukauke kabisa kabla ya masika. Kati ya dari na bati iachwe nafasi yenye matundu kwenye ncha mbili za nyumba, hewa ya moto ipite mchana.

Kuta za matofali mabichi zisibomolewe kwa sababu tu paa limebadilika. Unene wake unafanya sehemu ya kazi iliyofanywa na paa la tembe. Zinazojengwa upya zinyanyuliwe juu ya msingi wa mawe, na bati lichomoze vya kutosha kuzikinga na mvua.

Na fedha za dari zikiwa hazitoshi nyumba nzima, fundi aanze na chumba wanacholala watoto na wazee. Rangi na sakafu ya saruji vinaweza kusubiri mavuno yajayo.