TAIRI LA PIKIPIKI YA LAMI NA VUMBI: BEI YA DUKANI SIYO GHARAMA YAKE

MFANYABIASHARA mdogo aingiapo dukani kununua tairi la pikipiki, jambo la kwanza analouliza huwa ni bei. Swali hilo ni halali, lakini kwa mtu anayetegemea pikipiki hiyo kubeba mzigo, au kumletea hesabu ya kila siku, linapaswa kutanguliwa na mengine matatu: tairi litapita njia ipi, litabeba kilo ngapi, na litakwenda kilometa ngapi kabla ya kwisha.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia matairi ya pikipiki zinazotumika kotekote, yaani kwenye lami na kwenye njia za udongo. Katika kundi hili zimo Yamaha DT 125 na Honda XR 125L, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikionekana mikononi mwa mabwana shamba, watumishi wa miradi na wafanyabiashara wanaofuata mazao vijijini.

HESABU YA KILOMETA

Chukulia mfano wa matairi mawili ya nyuma. La kwanza linauzwa Sh. 70,000 na linadumu kilometa 7,000. La pili linauzwa Sh. 96,000 na linadumu kilometa 12,000. Dukani la kwanza ni rahisi kwa Sh. 26,000. Lakini ukigawa bei kwa kilometa, la kwanza linagharimu Sh. 10 kwa kila kilometa na la pili Sh. 8.

Pikipiki inayokwenda kilometa 2,000 kwa mwezi hufikisha 24,000 kwa mwaka. Kwa tairi la kwanza mwenye chombo atatumia Sh. 240,000, na kwa la pili Sh. 192,000. Tofauti ni Sh. 48,000 kwa pikipiki moja. Mwekezaji mwenye pikipiki tano atakuwa amepoteza Sh. 240,000 kwa mwaka kwa sababu ya kukimbilia rahisi, bila kuhesabu ujira wa fundi na siku ambazo chombo kililala.

Bei hizo ni za mfano tu. Linalotakiwa ni kila mwenye pikipiki kuwa na daftari lake. Siku tairi jipya linapofungwa aandike bei na kilometa zilizosomeka kwenye mita, na siku linapotolewa aandike tena. Baada ya matairi mawili au matatu atakuwa na takwimu za njia zake mwenyewe, ambazo muuza duka hana.

MENO NA NJIA

Hata hivyo, tairi la kilometa nyingi halina faida endapo haliwezi kupita njia inayokusudiwa. Tairi lenye meno marefu yaliyoachana hung'ata tope na mchanga, na nafasi kati ya meno huliwezesha kutema udongo. Kwenye lami tairi hilo hilo hugusa barabara kwa sehemu ndogo tu ya mpira. Matokeo yake ni kwamba meno huisha haraka, usukani hutetema, na lami ikilowa breki huchelewa kushika.

Tairi lenye meno mafupi yaliyokaribiana lina sifa za kinyume chake. Hudumu kwenye lami na hushika vizuri mvua ikinyesha, lakini likiingia kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hujaa tope, mifereji ikazibwa, na gurudumu likabaki kuteleza kama lenye kipara.

Mathalani, mtu anayenunua karoti na kabichi katika milima ya Usambara hutumia njia za udongo mwekundu vijijini, kisha huteremka kwa lami kutoka Lushoto hadi Mombo, barabara yenye kona nyingi na makorongo pembeni. Akifunga meno marefu mbele na nyuma atapanda kijijini bila taabu, lakini hatari itamngoja kwenye mteremko wa lami iliyolowa, akiwa na mzigo mgongoni. Akifunga matairi ya lami tupu atakwama kijijini na mboga zitaoza. Tairi linalomfaa ni la katikati, lenye meno mapana ya urefu wa wastani.

Baadhi ya watengenezaji hurahisisha uchaguzi huu kwa kutaja uwiano wa matumizi, kama 50 kwa 50, au 80 kwa 20. Namba ya kwanza kwa kawaida ni sehemu ya lami na ya pili ni ya njia za udongo, ingawa inafaa kumwuliza muuzaji, kwa kuwa wapo wanaozipanga kinyume. Tairi lililoandikwa NHS ubavuni ni la mashindano ya porini na halikutengenezwa kwa barabara za umma. Bei yake isimshawishi mtu.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Ubavu wa tairi ni kama hati ya mali. Pikipiki ya DT 125 hutumia 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Honda XR 125L hutumia 90/90-19 mbele na 110/90-17 nyuma. Hapa 110 ni upana kwa milimita, 90 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 99, na 17 ni rimu ya inchi 17.

Upana unaweza kuzidi au kupungua kidogo endapo kitabu cha pikipiki kinaruhusu, lakini namba ya rimu haina mjadala. Tairi la 17 halikai kwenye rimu ya 18, hata fundi alilazimishe namna gani. Aidha, tairi pana kupita kiasi laweza kugusa cheni au mkono unaoshika gurudumu.

Herufi TT zina maana kwamba tairi linahitaji tyubu, na TL kwamba linaweza kutumika bila tyubu likiwa kwenye rimu ya aina hiyo. Rimu nyingi za spoku huhitaji tyubu, kwa sababu upepo hupenya kwenye matundu ya spoku.

Tarehe ya kutengenezwa huonyeshwa kwa tarakimu nne baada ya herufi DOT. Tarakimu 2323 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2023. Mtindo huu ulianza mwaka 2000. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka kwa miaka mingi huwa limekauka na kupata nyufa ndogo ndogo, hata kama halijawahi kugusa barabara. Wenye maduka nao wazingatie kwamba mali iliyoingia kwanza itoke kwanza, na ihifadhiwe kivulini, mbali na mafuta na injini.

MZIGO UNAORUHUSIWA

Karibu na saizi huwapo namba na herufi, kama 59P. Namba 59 ni kiwango cha mzigo, nacho ni kilo 243 kwa tairi hilo moja. Herufi P ni mwendo wa juu kabisa, kilometa 150 kwa saa. Namba 51 ni kilo 195, na 45 ni kilo 165.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki ya kilo 120 huweka karibu nusu ya uzito wake nyuma, yaani kilo 60. Dereva wa kilo 70 huongeza nyuma kama kilo 50. Mzigo wa kilo 120 uliokaa juu ya gurudumu la nyuma hufikisha jumla ya kilo 230. Tairi la 59 linamudu, ingawa zimebaki kilo 13 tu. Tairi la 51 limezidishiwa kilo 35. Gunia jingine likipandishwa juu, hata lile la 59 litakuwa limevuka mpaka.

Ikumbukwe pia kwamba kiwango hicho ni kwa tairi lililojazwa upepo wa kutosha. Upepo ukipungua, uwezo wa kubeba nao hupungua.

KUFUNGA TAIRI JIPYA

Tairi zuri lililofungwa vibaya ni fedha iliyotupwa. Jambo la kwanza ni tyubu. Kuweka tyubu kuukuu yenye viraka ndani ya tairi jipya ni kubana matumizi mahali pasipofaa, kwani tyubu iliyokwisha tanuka hujikunja ndani na kutoboka. Mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku nao ukaguliwe, na rimu isafishwe kutu.

Pili, ubavuni huwapo mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Kwenye baadhi ya matairi ipo mishale miwili, mmoja wa kufungwa mbele na mwingine nyuma, nayo huelekea pande tofauti. Kama lipo doa la rangi, kwa kawaida huonyesha sehemu nyepesi ya tairi, na huwekwa usawa wa vali.

Tatu, tyubu itiwe upepo kidogo na kupakwa poda kabla ya kuingizwa. Ukingo wa tairi upakwe maji ya sabuni, kamwe si mafuta ya injini, ambayo huharibu mpira. Fundi anapoingiza ukingo wa mwisho, ule wa upande wa pili usukumwe katikati ya rimu penye shimo. Asipofanya hivyo atalazimika kutumia nguvu nyingi, na vyuma vyake vitaibana tyubu. Pancha nyingi za siku ya kwanza hutokana na kosa hili.

Baada ya kujaza upepo, mstari mwembamba ulio juu kidogo ya ukingo uangaliwe pande zote mbili. Uwe na umbali ule ule kutoka kwenye rimu, mzunguko mzima. Ukizama mahali, tairi halijakaa. Litolewe upepo, lipakwe sabuni tena, kisha lijazwe upya. Watengenezaji kadhaa huonya kwamba upepo wa kukalisha tairi usizidi psi 40, kwa kuwa waya wa ukingo waweza kukatika na kumjeruhi fundi.

Vali nayo isimame wima. Ikilala upande mmoja, ni dalili kwamba tyubu imehama, na itakatikia hapo.

CHENI, BREKI NA UPEPO

Gurudumu la nyuma linapofunguliwa, marekebisho ya cheni hupotea. Alama za pande zote mbili za mkono wa nyuma zilingane, vinginevyo gurudumu litakaa upande na kula tairi jipya sehemu moja. Ulegevu wa cheni upimwe mahali kadhaa huku gurudumu likizungushwa, kwa kipimo cha kitabu. Cheni iliyokazwa mno, pikipiki ikishapakiwa mzigo, huumiza beringi na sproketi.

Kwenye breki ya ngoma kipo chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Chuma hicho kikisahauliwa, breki ya kwanza yaweza kulifunga gurudumu ghafla. Mwenye pikipiki asiondoke gereji kabla ya kukiona kimefungwa na pini yake imerudishwa. Spoku nazo zigongwe moja moja kwa spana. Inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji na si kwa kidole wala teke. Kipimo sahihi kimo kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha pikipiki yenyewe, na huwa na safu mbili, moja ya mtu mmoja na nyingine ya abiria au mzigo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Geji zenye vipimo vya bar zisiwachanganye watu: bar 1 ni psi 14.5.

Madereva wengi hupunguza upepo ili wapite mchanga au tope. Hilo si kosa, mradi mwendo uwe mdogo na upepo urudishwe kabla ya kuingia lami. Tairi lenye upepo mdogo likibeba mzigo kwenye lami hujikunja, hupata joto na kukata nyuzi zake za ndani. Kwa hiyo pampu ya mkono ni sehemu ya mtaji.

Mwisho, tairi jipya huteleza. Kilometa 150 za kwanza ziendeshwe taratibu, bila kulala sana kwenye kona wala kukanyaga breki kwa ghafla, na baada ya siku hiyo ya kwanza nati za ekseli zikaguliwe tena.

WAKATI WA KUNUNUA

Meno yakifika usawa wa vijitalu vidogo vilivyo chini ya mifereji, penye alama ya TWI, tairi limekwisha. Lakini kwa anayekwenda vijijini, tairi lililobakiza robo ya meno mwanzoni mwa Machi halitamfaa masika yote. Ni heri alibadili mapema, akiwa na nafasi ya kuchagua saizi, tarehe na aina ya meno, kuliko kununua lolote lililopo gulioni siku pikipiki ikiwa imekwama na gunia la nyanya linachuruzika.