Mwanafunzi wa Udaktari na Makazi ya Kudumu ya Kanada

Mwaka 2011 Kanada iliwafungulia wanafunzi wa udaktari mlango wa pekee katika mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi: aliyekwisha kusoma miaka miwili aliweza kuomba makazi ya kudumu kabla ya kuhitimu. Mlango huo ulifungwa ilipoanza mwaka 2015, na tangu hapo mwanafunzi hupimwa kama mwombaji mwingine yeyote.

Kwa kanuni za mwaka 2025, yampasa kupata alama 67 kati ya 100. Je, masomo yasiyokwisha yana uzito gani? Katika alama za elimu, hayana. Shahada ya uzamili humpa alama 23. Udaktari humpa 25, ila baada ya kutunukiwa.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kazi. Hutakiwa mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi yenye ujira, katika miaka 10 iliyotangulia. Au saa 15 kwa juma kwa miezi 24. Ualimu aliofanya nyumbani kabla ya safari waweza kuhesabiwa, hata usaidizi wa kufundisha chuoni, mradi usikatike. Basi na atunze barua za waajiri: bila ushahidi huo, miaka ya kazi haitamfaa yeye wala jamaa yake.