Istilahi za Ratiba ya Ligi: Raundi, Duru, Kituo na Kiporo

Neno ratiba, lenye asili ya Kiarabu, limekwisha kuzoeleka. Istilahi zilizomo ndani ya ratiba za michezo, hata hivyo, bado hazijatulia, hasa neno mzunguko. Wako wanaolitumia kwa mechi za juma moja, na wako wanaolitumia kwa nusu nzima ya msimu.

Tuchukue mfano wa ligi ya timu sita wilayani Ngorongoro, kutoka Piyaya, Malambo, Arash, Soitsambu, Digodigo na Wasso. Kila timu ikikutana na nyingine zote mara moja, zitachezwa mechi 15, tatu tatu kwa siku tano. Zikirudiana, nyumbani na ugenini, mechi huwa 30. Sasa barua ikimfikia mwalimu wa Piyaya kwamba timu yake itasafiri "mzunguko wa pili", atafute gari la juma lijalo, au asubiri mechi tano zipite? Akikosea, timu hupoteza pointi bila kugusa mpira.

Ili kuondoa utata huo, inapendekezwa istilahi zifuatazo:

Raundi: fungu la mechi ambamo kila timu hucheza mara moja.

Duru: kipindi ambacho kila timu hukutana na nyingine zote mara moja. Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 20; hivyo duru 2, raundi 38 na mechi 380.

Kituo: mahali pamoja zinapokusanyika timu na kumaliza mechi zao kwa siku chache. Utaratibu huu hufaa penye masafa marefu, kwani safari tano hugeuka moja.

Kiporo: mechi iliyoahirishwa. Wananchi wamelitoa neno hili jikoni, nalo lisibadilishwe.

Wafasiri wajihadhari na jambo moja. Katika karne ya 20, baadhi ya ligi ndogo za besiboli nchini Marekani ziligawa msimu sehemu mbili, kisha bingwa wa sehemu ya kwanza akapambana na bingwa wa ya pili. Sehemu hiyo si duru, kwa kuwa pointi za duru zetu hujumlishwa. Iitwe nusu-msimu.

Neno mzunguko libaki katika mazungumzo. Katika barua na kanuni, iandikwe raundi au duru, pamoja na tarehe.