Mwanafunzi wa Chuo na Shule ya Kujitolea

Kila mwaka, vyuo vinapofungwa kwa likizo ndefu, vijana wetu hurudi nyumbani Bahi kutoka Dodoma mjini, Morogoro, Dar es Salaam na kwingineko. Wengi wao hufika katika ofisi ya parokia wakiomba barua inayothibitisha kwamba wamejitolea katika jamii na kwamba wameonyesha uongozi. Ombi hilo ni halali, kwani waajiri na wafadhili wa masomo huitaka barua ya namna hiyo. Hata hivyo limetulazimu kujiuliza swali ambalo waamini wengi, hasa wazazi, nao wanajiuliza: je, kujitolea kunamfundisha kijana uongozi kwa kweli, au kunampatia karatasi tu?

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili hakisemi kwamba mtu ametoa kitu. Kinasema amejitolea, yaani kilichotolewa ni yeye mwenyewe. Mtu anaweza kutoa fedha huku moyo wake ukibaki mbali, lakini hawezi kujitolea bila kuwapo. Katika Injili ya Yohane, sura ya 13, Bwana wetu anavua vazi lake, anajifunga kitambaa na kuwaosha mitume miguu, halafu anawaeleza kwamba yeye ni Bwana na Mwalimu wao kweli, naye ametenda hivyo ili wao wafanye vivyo hivyo. Mamlaka yake hayakupungua alipoinama. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Christus Vivit wa mwaka 2019, aliwaelekeza vijana kwenye njia hiyohiyo: utume wa kijana mlei uko kwanza huko nje, katika jirani, kazi na siasa, wala hauishii kwenye shughuli za ndani ya kanisa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Tumezoea kumtazama akiwa Rais, nasi tunasahau kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi wa chuo mwenye mfuko mtupu kama hawa wa kwetu. Aliingia Makerere mwaka 1943, mwaka ambao pia alibatizwa, akasomea ualimu hadi 1945. Akiwa huko yeye na wenzake, akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika kilichoshughulikia ustawi wa Waafrika. Hawakuwa na cheo wala posho. Baadaye, akiwa mwalimu katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikuwa akimaliza vipindi vya mchana kisha anawafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza jioni, bila malipo.

Tuyatazame kwa makini madarasa hayo ya jioni, maana somo la uongozi limejificha humo. Mwalimu wa shule ana kengele, daftari la mahudhurio na mtihani. Mwanafunzi asipofika, ipo adhabu. Mwalimu wa kujitolea hana hata kimoja cha hivyo. Mtu mzima aliyechoka na kazi za mchana akiona anadharauliwa au anapotezewa muda, kesho haji, na hakuna wa kumshitaki. Aliye mbele yao hubaki na njia moja tu: kuaminika. Lazima afike kwa saa aliyosema, aeleze mpaka aeleweke, akubali kuulizwa, na asimkasirikie mtu aliyekosea. Kijana aliyeweza kuwashika watu ishirini kwa namna hiyo kwa mwaka mmoja amejifunza jambo ambalo wenye vyeo wengi hawajalijua hata wanapostaafu.

Aliporejea kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, Nyerere alikwenda nyumbani na kujijengea nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Kwa wakati ule msomi kukanyaga udongo lilikuwa jambo la kushangaza. Na leo je? Tunao vijana ambao, wakishavaa joho la mahafali, huona aibu kushika beleshi mbele ya wenzao, na tunao wazazi wanaowatetea kwa kusema hawakuuza ng'ombe ili mtoto arudi kuchimba mtaro. Tunawaelewa wazazi hao. Ng'ombe katika nchi yetu ya ukame si kitu kidogo. Lakini hatuafikiani nao.

Habari ya pili ni chungu, nayo haina budi kusimuliwa pamoja na ile ya kwanza. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa vyuo waitumikie nchi kwa miaka miwili chini ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakianza kwa miezi michache kambini na kisha kufanya kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango huo. Mojawapo ya mabango yao lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu alikasirika sana. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, ingawa wengi walipokelewa tena mwaka uliofuata. Papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Wazee wetu bado wanabishana nani alikuwa na haki siku ile. Sisi tunaona kwamba vijana walikosea walipodhani elimu iliyolipiwa na jasho la wakulima ni mali yao binafsi. Tunaona pia kwamba sheria inaweza kumfikisha kijana kambini na kumpa jembe, lakini haiwezi kumfanya ajitolee, kwa kuwa mtu aliyeburutwa hajajitoa. Kilichowagusa watu kuliko amri, kwa maoni yetu, ni ule mshahara uliokatwa. Kiongozi alianza na mfuko wake.

Kanisa nalo lina mwanafunzi wake. Mwenyeheri Frédéric Ozanam alikuwa na umri wa miaka 20 tu, akisoma sheria mjini Paris, Ufaransa, wenzake wasioamini walipomuuliza Kanisa linawafanyia nini maskini wa leo. Mwaka uliotangulia, 1832, kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu mjini humo. Ozanam angeweza kujibu kwa hotuba, maana alikuwa na kipaji hicho. Badala yake, mwezi Aprili 1833, yeye na wanafunzi wachache walianza kuzitembelea familia maskini majumbani, na hicho ndicho chanzo cha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho leo kimeenea duniani kote, hata katika nchi yetu. Jambo moja husahaulika: vijana wale hawakujiongoza wenyewe. Walikwenda kwa mtawa mmoja, Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa ule kwa majina, naye akawaonyesha nyumba za kuingia na namna ya kuingia. Wasomi walikubali kufundishwa kazi.

Sasa turudi Bahi. Likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi. Mtama na uwele vimeshavunwa, mpunga wa kandokando ya kinamasi umeshatoka shambani, na mvua hazitarajiwi kabla ya mwisho wa mwaka. Ndio wakati watu wanapofyatua matofali, kukarabati nyumba, kusherehekea arusi, na pia wakati maji yanapokuwa mbali. Visima vingine vya kwetu vina chumvi. Vingine vina maji mazuri lakini mashine imekufa, au fedha za kuitengeneza hazionekani. Kijana anayetaka kujifunza uongozi hahitaji kutafuta mbali.

Tumtafakari mwanafunzi wa uhasibu anayejitolea kuisaidia kamati ya maji kupanga vitabu vyake. Siku ya kwanza atagundua kwamba hesabu si ngumu. Wagumu ni watu. Kuna risiti zisizopatikana, na aliyezipoteza ni baba mdogo wake. Kuna kina mama wanaoteka maji kila siku na kulipa kila ndoo, ambao katika mkutano wa kijiji hukaa pembeni na kunyamaza, ingawa ndio wanaojua ni siku ngapi mashine ilisimama. Kijana akija na kelele na kumtaja mwizi hadharani, atashangiliwa jioni moja, na kesho yake mlango wa kila nyumba utafungwa kwake. Akinyamaza kwa woga, atakuwa ameshiriki katika dhambi ya kuwanyima maskini maji. Katikati ya hayo mawili kuna njia nyembamba: kumwendea mhusika kwanza faraghani, kama Injili ya Mathayo, sura ya 18, inavyoagiza; kumwomba mwenyekiti aitishe taarifa ya mapato na matumizi, ambayo ni haki ya mkutano wa kijiji; kuwaomba kina mama waseme kabla ya wengine. Hakuna mhadhara wa chuo unaoyafundisha haya, maana hayafundishiki pasipo watu halisi na ndugu halisi.

Tungeongeza jambo dogo la lugha. Kijana aliyeanza mkutano wa wazee wa Kigogo kwa «mbukwenyi», akasubiri salamu ziishe zote, ameshafanya nusu ya kazi. Yule anayefungua kompyuta kabla hajaketi hataelewa kwa nini wanamwitikia tu bila kutenda.

Hapa inatupasa kutoa onyo, na tunalitoa kwa walezi na wenye taasisi kuliko kwa vijana. Kujitolea kumeanza kugeuzwa kuwa jina zuri la kazi isiyolipwa. Wapo wahitimu wanaofundisha kwa miaka kadhaa wakiitwa walimu wa kujitolea, wakibeba vipindi vyote vya mwajiriwa, wakiishi kwa kukopa chumvi na sabuni. Tangu Papa Leo wa Kumi na Tatu alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha bila kusita kwamba mfanyakazi anastahili ujira wa haki. Mwanafunzi anayetoa wiki nne za likizo anajitolea. Mhitimu anayejaza nafasi ya kudumu kwa sababu hana pa kwenda, na taasisi ikanufaika na shida yake, hajitolei, anadhulumiwa. Maparokia na shule zetu za Kanisa hazina ruhusa ya kujiweka nje ya maneno haya.

Vilevile tusiwasahau wale wasioweza kujitolea kwa namna inayoonekana. Binti anayerudi likizo na kukuta mama mgonjwa, wadogo wanne na mbuzi wa kuchunga, hatakuwa na picha za kuwaonyesha wafadhili. Kama barua ya parokia ina thamani yoyote, yeye ndiye wa kwanza kuistahili.

Basi kwa likizo hii tunapendekeza utaratibu tofauti na ule uliozoeleka. Kijana anayetaka kujitolea aanzie katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo anakotoka, si ofisini. Wanajumuiya wanajua nyumba ya mjane iliyobomoka ukuta, wanajua watoto wa darasa la saba wanaohitaji masomo ya jioni, na wanajua kisima kilichokwama. Wamkabidhi kazi moja, yenye mwanzo na mwisho, na mtu mzima wa kumwongoza. Halmashauri ya Walei ione namna ya kumsaidia nauli au chakula yule aliyepangiwa kigango cha mbali, maana si haki kijana alale njaa kwa kututumikia. Barua haitaandikwa mwanzoni. Itaandikwa kazi ikiisha, na itataja kazi gani, wapi na kwa siku ngapi. Mwenyekiti wa jumuiya ataitia sahihi kwanza, kisha paroko. Wazazi wenye vijana wanaotarajiwa kurudi wawajulishe viongozi wa jumuiya zao mapema, kabla matofali hayajaanza kuchomwa.