Mzazi Mwenye Saratani ya Damu

Huku Chwaka mzazi akishikwa na homa tumezoea kusema, "Ni homa tu, tungoje kuche." Kwa mwenye saratani ya damu neno hilo ni la hatari, kwa kuwa chembe nyeupe, askari wa mwili, zimeshindwa kazi. Apelekwe Mnazi Mmoja usiku ule ule, ijapokuwa njia ni ndefu. Aspirini asipewe, maana huzidisha kutoka damu.

Siku zake zimebaki ngapi? Hata madaktari hawawezi kuzihesabu. Mwalimu Nyerere aligunduliwa na maradhi hayo mwaka 1998, akaendelea na usuluhishi wa Burundi, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Twamwuliza mzazi, basi, leo ataka nini: uji, kuogeshwa, au kukaa barazani aitazame ghuba.